Mbuga si Bwawa, wala Bwawa si Dimbwi

Mwaka uliopita tulihudhuria mkutano wa kijiji kimoja cha Usukuma, uliokuwa mkutano wa kupanga matumizi ya ardhi. Ramani kubwa ilitandikwa juu ya meza, nayo ilikwisha kupakwa rangi: kijani kwa mashamba, manjano kwa malisho, na buluu kwa kile kilichoandikwa "ardhioevu". Buluu hiyo ilifunika mahali patatu. Pa kwanza ni mbuga pana iliyo mashariki ya kijiji, ambapo watu hulima mpunga tangu zamani za babu zao. Pa pili ni kinamasi chenye matete, ambapo kijito cha kijiji huanzia. Pa tatu ni lambo walilolichimba wanakijiji wenyewe kwa ajili ya kunywesha ng'ombe. Afisa aliyeleta ramani akaeleza kwamba ardhioevu yote ni chanzo cha maji, na kwa sababu hiyo haifai kulimwa.

Bibi mmoja mzee akainuka, akasema, "Mwanangu, hiyo uitajayo ni wapi? Kama ni mbuga, sema mbuga, nami nitakujibu kwa habari ya mpunga wangu. Kama ni kinamasi, sema kinamasi, maana pale hata mimi sitaki mtu atie jembe. Lakini ukivitia vyote katika chungu kimoja, sijui nikujibu nini." Watu wakacheka, na afisa naye akacheka. Walakini rangi ya ramani haikubadilishwa siku ile, na mkutano ukaisha kwa ugomvi. Wengine walitaka pote palimwe, wengine walitaka pote pafungwe, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema neno la katikati, kwa kuwa neno lenyewe lililotumika halikuwa na katikati.

Sisi tufundishao tulirudi nyumbani kwa aibu, maana twajua kosa hili limetoka wapi. Limetoka katika madarasa yetu. Ni sisi tuwaandikiao watoto ubaoni: "Ardhioevu ni eneo lenye maji." Mtoto hulinakili, hulikariri, hupata alama yake, kisha huenda zake nyumbani kwa njia ipitayo kandokando ya mbuga, na hajui ya kuwa alichokiandika ndicho hicho akikanyagacho. Na akimsikia bibi yake akitaja majina ya zamani, hudhani ni maneno ya washamba, yasiyostahili kuandikwa.

Basi twataka kusema waziwazi katika ukurasa huu. Lugha yetu si maskini wa majina ya mahali penye maji na matope. Sisi ndio tuliojitia umaskini. Na umaskini huu si wa midomo tu: wageuka kuwa umaskini wa mpunga, wa maji, wa afya, na mara nyingine ni hatari ya kufa. Tusikilizeni, tupate kuvitaja vitu hivi kimoja kimoja.

Tuanze na kilicho kidogo. Dimbwi ni maji yaliyotuama mahali padogo baada ya mvua, au ndani ya shimo lililochimbwa kwa ajili ya matofali, au hata katika alama ya kwato za ng'ombe. Lina jua tele juu yake na halina majani makubwa ya kulifunika. Likipigwa na jua siku kadhaa hukauka, na mvua ikirudi hurudi nalo.

Kinamasi ni kitu kingine. Hapo maji hayaonekani sana kwa macho, bali ardhi yenyewe imelowa chepechepe, na matope yake huteleza na kuudaka mguu. Mara nyingi maji yake hutoka chini, hayatoki mbinguni, na kwa sababu hiyo hubaki pamelowa hata wakati visima vingine vimekauka. Wazee wa lugha walikuwa pia na neno tingatinga kwa ardhi ya namna hiyo, nalo jina lenyewe lafanana na mtikisiko wa nchi chini ya unyayo wa mpitaji.

Bwawa, kama kamusi za zamani zilivyolieleza, lilikuwa ni mahali papana pa maji yasiyo na kina kikubwa, palipoumbwa bila mkono wa mtu, penye matete, mafunjo na mayungiyungi, samaki kambare na ndege wengi. Bwawa halikauki upesi kama dimbwi, wala si tope tu kama kinamasi.

Mbuga ni uwanda wa chini wenye udongo mweusi mzito. Wakati wa kiangazi udongo huo hujikaza na kupasuka, hata mtoto aweza kuingiza mkono wake katika ufa. Mvua ikinyesha udongo huvimba, nyufa hujifunga, na maji hayawezi tena kupenya kwenda chini. Ndipo mbuga hugeuka kuwa maji matupu kwa miezi kadhaa, kisha hugeuka tena kuwa majani ya malisho. Kwa hiyo mbuga ina majira mawili, na aijuaye huitumia kwa majira yake. Wasukuma hata hawakomi hapo. Udongo wa mchanga ulio juu huuita luseni, ule ulio chini zaidi huuita itogolo, na ulio chini kabisa ndio mbuga, na kila mmoja una zao lake na wakati wake wa kulimwa.

Tena yako maji ya kazi ya mikono. Lambo huchimbwa kwa ajili ya wanyama, na majaruba hufanywa kwa kuinua kingo za udongo ili maji ya mpunga yasikimbie. Ni maji ya watu: mtu aliyatia pale, na mtu aweza kuyaondoa asilete madhara makubwa.

Tukishuka pwani twakuta mengine. Iko mikoko, isimamayo kwa mizizi yake katika tope la chumvi, bahari ikijaa na kupwa kati yake. Na nyuma ya mikoko mara nyingi liko wangwa, uwanja mtupu ambao maji ya bamvua huufikia mara chache, yakakauka na kuacha chumvi, hata majani yasiote. Wasomaji wa Biblia watakumbuka ya kuwa nabii Ezekieli, katika sura ya 47, aliona mto ukiponya maji yote, ila akataja mahali pa namna mbili pa maji na matope pasipoponywa, palipoachwa pawe pa chumvi. Mfasiri mwenye neno moja tu angefanyaje hapo? Lakini mtu wa pwani aliyewahi kulikanyaga wangwa huielewa habari hiyo pasipo kufafanuliwa.

Wala hatujamaliza. Huko Iringa watu hulima vinyungu, bustani ndogo za bondeni zipandwazo wakati wa kiangazi kwa kutegemea unyevu uliobaki chini. Huko Rufiji watu hulima mlau, yaani hungoja mafuriko yashuke, kisha hupanda katika tope lililoachwa na mto, kabla halijakauka. Maneno hayo si ya mapambo. Ndani ya kila moja imo elimu nzima: maji yatoka wapi, hukaa muda gani, huondoka lini, na mtu afanye nini ili asiyaharibu.

Haya, sasa tutazame tulivyoyatenda majina hayo. Bwawa tumelitoa, tukalipa ukuta wa saruji. Leo ukisema bwawa, mtoto huwaza Mtera au Kidatu, au Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Na mtoto wa mjini huwaza mahali pa kuogelea penye vigae vya buluu. Mbuga tumelitoa, tukalipa wanyama wa porini na watalii. Ukisema mbuga, wengi huona tembo na simba, hawauoni mpunga wa bibi yetu. Na tingatinga tumelitendaje? Tumelipa mtambo wa chuma uchimbao na kusawazisha ardhi. Angalieni ajabu hiyo, ndugu zetu: jina la kinamasi limekuwa jina la mashine ijazayo kifusi katika kinamasi! Mtambo umekula mahali, ukala na jina lake.

Na wangwa je? Ukubwa wake ni jangwa. Watu wa pwani walipolitaja jangwa hawakuwaza mchanga wa Sahara peke yake. Waliwaza pia uwanja mtupu wa chumvi ufikiwao na maji ya bahari. Siku hizi jangwa limebaki na maana ya nchi kavu isiyo na tone la maji. Sasa nendeni Dar es Salaam, mtazame bonde la mto Msimbazi pale paitwapo Jangwani. Kwa masikio ya leo jina hilo lasema ukavu. Lakini bonde hilo ni njia ya mto kwenda baharini, na mto haukusahau njia yake. Mnamo Desemba 2011 mvua kubwa ilishuka, bonde likajaa, na katika mji mzima walikufa watu zaidi ya 40. Jamaa nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Na baada ya hapo karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani imeingiwa na maji mara kwa mara. Hatusemi kwamba neno peke yake liliwazamisha watu. Umaskini, msongamano na uzembe vilikuwamo pia. Twasema ya kwamba watu waliosahau maana za majina ya nchi yao wamejinyima onyo ambalo wazee waliwaachia bure.

Tena kuna jambo lituumizalo zaidi. Wakati sisi twayatupa majina haya, wageni waliyaokota. Katika miaka ya 1930 alikuwako Amani, katika milima ya Usambara, mtaalamu wa udongo aitwaye Geoffrey Milne. Alisafiri katika Tanganyika akaona ya kuwa udongo hubadilika kwa taratibu kutoka kilele cha kilima hata bondeni, kama shanga zilizotungwa katika uzi mmoja. Alipofika chini kabisa, kwenye udongo mweusi utuamishao maji, hakuwa na neno la kwao lililomtosha. Akaandika mbuga. Neno hilo likaingia katika vitabu vya elimu ya udongo vya Kiingereza, kama neno dambo la majirani zetu wa Malawi na Zambia lilivyoingia. Basi mtaalamu wa mbali asoma mbuga kwa maana yake kamili, na mwanafunzi wetu aliyezaliwa ukingoni mwake asoma ardhioevu! Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeuacha mbacha wetu, na msala wenyewe hatujajua kuukalia.

Twajua tutajibiwa. Wako wasemao, "Neno ardhioevu ni la lazima, kwa maana mataifa yamepatana." Ni kweli, nasi hatulikatai. Mnamo tarehe 2 Februari 1971, katika mji wa Ramsar nchini Iran, mataifa yalikubali mapatano ya kuhifadhi mahali pa namna hii, na Tanzania ikaingia mwaka 2000. Mapatano hayo yanahesabu matope na maji, ya asili au ya kufanywa na watu, ya kudumu au ya muda, matamu au ya chumvi, hata maji ya bahari yasiyozidi kina cha meta 6 wakati wa kupwa. Kwa kazi ya mataifa, jina moja pana linafaa. Lakini tazameni upana huo! Nchini Tanzania mahali palipoandikwa katika orodha hiyo ni Malagarasi-Muyovozi, penye zaidi ya hekta 3,000,000. Ziwa Natron lenye magadi. Bonde la Kilombero. Na Rufiji-Mafia-Kilwa penye mikoko na matumbawe. Mafunjo ya Malagarasi na matumbawe ya Mafia vyote ni ardhioevu. Je, kuna amri moja iwezayo kuvifaa vyote viwili? Kuna jembe moja, au wavu mmoja, au msimu mmoja?

Ardhioevu ni jina la ukoo. Mtu hulitaja jina la ukoo mbele ya wageni, na ni vema. Lakini mama mwenye watoto saba, mmoja wao akiugua, hamwambii mganga, "Ukoo wetu unaumwa." Humtaja mtoto kwa jina lake, na husema ni wapi panapomwuma.

Wengine husema, "Ninyi mnatetea matope. Matope ni homa. Heri yote yakaushwe." Neno hili lina nguvu kwetu, maana hakuna nyumba kijijini isiyoijua malaria. Lakini hapa ndipo majina yafaapo kuliko mahali pengine pote. Mbu aitwaye Anopheles gambiae, aenezaye malaria sana katika nchi zetu, hapendi kivuli kizito cha mafunjo. Hutaga mayai katika maji madogo yaliyo wazi, yapigwayo na jua: mashimo ya matofali, alama za kwato, maji ya mashambani. Kwa neno moja, hupenda dimbwi. Huko Kabale, Uganda, wachunguzi waliotoa habari zao mwaka 2000 walilinganisha vijiji vilivyo karibu na mabonde ya mafunjo na vijiji vilivyo karibu na mabonde yaliyokatwa mafunjo yakalimwa. Waliona kwamba palipolimwa joto lilikuwa kubwa zaidi, na joto hilo humfaa mbu wa malaria. Basi mtu akataye mafunjo ya bwawa ili aondoe mbu, kisha akaacha nyuma yake mashimo mia yenye maji na jua, amefanya nini? Ameliondoa bwawa, akazaa madimbwi. Kama angalijua tofauti ya maneno hayo mawili, angalichukua koleo akaanza na mashimo ya uani kwake.

Wa tatu husema, "Watu wana njaa, na ninyi mwataka nchi ilale bure." La, hatutaki hivyo. Bibi wa mbuga hatumkatazi mpunga wake. Tumeandika haya ili asikatazwe pasipo sababu. Lakini si kila mahali penye maji palale au palimwe kwa kanuni moja. Sikilizeni habari ya Ihefu. Ihefu ni jina la bwawa kubwa la asili katika nchi ya Usangu, mkoa wa Mbeya. Mito ishukayo milimani huingia humo, nayo Ihefu huyapokea maji kama mtungi. Mahali pa kutokea pana mwamba, mfano wa mdomo wa mtungi. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto Ruaha Mkuu hutiririka kwenda chini, hata kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Maji yakishuka chini ya mwamba, mto hukatika, ijapokuwa ndani ya mtungi maji bado yamo. Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa, hata viboko wakasongamana katika vidimbwi vichache.

Sababu ni nini? Juu ya Ihefu mifereji mingi huchota maji ya mito kwa ajili ya mashamba ya mpunga, na mifereji mingine huendelea kuchota hata wakati wa kiangazi, ambapo mtungi hauna cha kuzidi. Lakini mnamo 2006 lawama kubwa iliwaangukia wafugaji, wakaondolewa na mifugo yao, na mwaka 2008 Ihefu ikatiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wafugaji wakaenda, na mto ukaendelea kukauka. Hatusemi kwamba ng'ombe hawana madhara katika matope. Twasema kwamba aliyeitazama Ihefu kama "eneo oevu lililovamiwa" aliwaona wavamizi tu. Bali aliyeijua kuwa ni mtungi wenye mdomo angaliuliza kwanza, ni nani achotaye maji kabla hayajafika mtungini? Jina zuri humfundisha mtu kuuliza swali zuri.

Hata sheria hudai tujue majina. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Ni amri njema kwa kitu chenye ukingo. Lakini mbuga ina ukingo gani? Mwezi wa Machi ukingo wake upo nyuma ya nyumba za watu, na mwezi wa Septemba hauonekani popote. Nani atasimama na kamba ya kupimia, na ataanzia wapi? Na kinyungu kilimwacho miezi michache tu, kisha kikaachiwa maji, ni shughuli ya kudumu au si ya kudumu? Maswali hayo hayawezi kujibiwa na rangi moja ya buluu. Yajibiwa na watu wakaao pale, kama wataulizwa kwa maneno yao.

Basi, wenzetu, tufanyeje? Hatushauri vita na lugha. Bwawa la saruji litaendelea kuitwa bwawa, na mashine itaendelea kuitwa tingatinga, kwa maana maji yakimwagika hayazoleki. Lakini yako mengi bado hayajamwagika, nayo twaweza kuyakinga.

Kwanza, sisi walimu tuache kufundisha ardhioevu kama kwamba ni kitu kimoja. Tulifundishe kuwa ni jina la ukoo, na siku hiyohiyo tuwatume watoto nyumbani wakawaulize babu na bibi: mahali pale panaitwaje, maji yake hutoka wapi, huja mwezi gani, huondoka mwezi gani, na ni kitu gani wazee walikatazana kufanya pale? Penye wazee haliharibiki neno; lakini wazee nao huondoka, na neno lisiloandikwa huondoka pamoja nao.

Pili, ninyi wanakijiji, ramani ya kupanga ardhi ikiletwa mkutanoni, msikubali ipitishwe kabla kila mahali hapajaandikwa jina lake la kienyeji, na maana yake kando. Kama ni mbuga, iandikwe mbuga, na miezi ya maji yake itajwe. Kama ni kinamasi cha chemchemi, kiandikwe hivyo, na kilindwe kwa nguvu zote, hata kama shamba la mwenyekiti limekigusa. Kama ni lambo, liandikwe ya kuwa lilichimbwa na nani. Kwa njia hiyo mbuga haitafungwa kwa kosa la kinamasi, wala kinamasi hakitalimwa kwa kisingizio cha mbuga.

Tatu, mtu asione haya kwamba jina la kwao halifanani na la mwenziwe. Mbuga ya Usukuma na mbuga aiwazayo mtu wa pwani si kitu kimoja. Haidhuru. Tuandike jina na maana yake pamoja, ndipo tutakapoelewana. Lugha yetu ilikua kwa namna hiyo tangu zamani: mtu wa bara alileta lake, mtu wa pwani alileta lake, na soko likapata maneno ya kutosha.

Tuliporudi tena kijijini mwezi wa tatu mwaka huu, mbuga ilikuwa imejaa maji na mpunga ulikuwa umefika magotini. Ramani ilikuwa ikingali imetundikwa ofisini, buluu yake ikiwa mahali patatu. Lakini mtu, hatukumjua ni nani, alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu ya risasi, kwa herufi za mkono usiozoea kuandika: mbuga, kinamasi, lambo. Mwenyekiti alituambia ya kuwa mkutano wa pili utakuwa mwezi ujao, na ya kuwa afisa ameomba bibi yule awepo.